Mgonjwa Haulizwi Uji, Dawa Huulizwa

Wahenga walituachia methali kwamba mgonjwa haulizwi uji. Unaukoroga, unampelekea, anakunywa. Kwa mgonjwa anayelishwa kwa mpira uliopitishwa puani hadi tumboni, methali hiyo bado ni kweli upande wa uji. Dawa ina sheria nyingine. Kila kinini, yaani kidonge, kitakachopita kwenye mpira huo lazima kiulizwe kwanza: Je, wewe unapondwa? Unachanganywa na nini? Unataka tumbo tupu au tumbo lenye chakula? Ukikosea uji, mgonjwa huharisha. Ukikosea dawa, huenda ukamuua huku unaamini unamtibu.

Hayo niliyajifunza nyumbani kwetu Kasongo, jimboni Maniema nchini Kongo, katika kipindi ambacho baba yetu hakuweza kumeza. Kiharusi kilimpata akiwa shambani upande wa Kabambare. Mkono wa kulia ulilegea, mdomo ukapinda, na kila alipopewa maji alikohoa hadi macho yakatoka. Vijana walimleta kwa pikipiki, mmoja akiendesha na mwingine amemshika kwa nyuma, kwenye barabara ambayo msimu wa mvua huwashinda hata wenye magari. Hospitalini walimwekea sonda, ndivyo tunavyouita mpira huo kwetu kwa kufuata Kifaransa, wakamtuliza shinikizo la damu, wakadhibiti degedege. Alipopata nafuu tukaambiwa tuendelee naye nyumbani. Kitanda kilihitajika, na sisi nasi tulikuwa tumechoka kulala uani.

Wauguzi wa kwetu wanaijua sonda vizuri, na sababu yake inasikitisha: wameizoea kwa watoto wenye utapiamlo mkali. Mtoto akiletwa hana nguvu ya kunywa maziwa ya tiba, yale yanayoitwa F-75, hupewa yanayobaki kwa mpira mpaka hamu imrudie. Lakini mtoto huyo hubaki wodini, na kila saa chache kuna mwenye koti jeupe anayemtazama. Mtu mzima mwenye kiharusi hurudishwa nyumbani na sonda puani, na anayeshika seringi ni binti, mke, mkwe au dada. Kazi ya muuguzi inahamia mikononi mwa mtu ambaye hakuisomea.

Kwetu aliyeishika seringi alikuwa Shangazi, dada wa baba. Mimi ni mwalimu, najua kusoma maandishi ya Kifaransa kwenye maboksi ya dawa, na ndugu wote walitegemea kazi hiyo iwe yangu. Shangazi hajui kusoma. Lakini ndiye aliyekuwa nyumbani asubuhi na jioni, na ndiye ambaye Mzee alimtii. Muuguzi mkuu wa kituo cha afya cha mtaani, ambaye kila mtu anamwita Titulari, alikuja kututembelea akalitatua jambo hilo kwa sentensi moja: dawa za sonda ziwe na mwenyewe mmoja, na msaidizi mmoja wa kumwangalia. Watu watano wakipokezana, kila mmoja atadhani mwenzake ameshatoa dozi, au watatoa wawili.

Titulari akamfundisha Shangazi mpango mzima kwa vitendo, akamtaka aufanye mbele yake, kisha aurudie. Nitaueleza kama Shangazi alivyokuwa akiufanya, maana sijaona mwongozo ulioupita.

Alianza na mikono, kwa sabuni, na vyombo. Maji ya sonda yalikuwa yamechemshwa na kupoa, yakiwekwa kwenye chupa yake yenye kifuniko. Kasongo ni mji unaokijua kipindupindu. Maji ya kisima hayaingizwi tumboni mwa mgonjwa eti kwa sababu yanapita kwenye mpira safi. Kisha alimwinua Mzee kwenye mito mpaka akakaa nusu wima. Mtu aliyelala chali hapewi kitu kwa sonda, kwani kilichoingia tumboni hupanda kooni na kushukia mapafuni. Baada ya dawa pia hakumlaza upesi. Alimwacha ameketi hivyo nusu saa hadi saa moja.

Kabla ya kutia tone lolote, aliutazama mpira pale puani. Hospitalini walikuwa wameuwekea alama ya kalamu mahali unapoingia. Alama ikiwa pale pale, vizuri. Ikiwa imesogea nje, hata upana wa vidole viwili, kazi ilisimama. Halafu alivuta kidogo kwa seringi aone kinachorudi: majimaji ya tumbo, ya kijani kibichi au ya rangi ya majani makavu, au maziwa yaliyoganda. Mahali penye vikaratasi vya kupima asidi, majimaji hayo hupimwa, na kipimo cha 5.5 au chini yake huonyesha kwamba ncha iko tumboni. Kitu cha hakika zaidi ni picha ya eksirei, hasa mpira unapowekwa mara ya kwanza.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu kuna mbinu mbili ambazo watu wengi bado wanaziamini. Moja ni kusukuma hewa kwa seringi huku ukisikiliza tumbo kama linanguruma. Nyingine ni kuchovya mdomo wa mpira kwenye kikombe cha maji uone kama mapovu yanatoka. Zote mbili hudanganya. Sauti ya hewa iliyoingia pafuni husikika pia tumboni, na tumbo nalo lina hewa yake ya kutoa mapovu. Huko Uingereza, wakala wa usalama wa wagonjwa ulitoa onyo kuhusu jambo hili mwaka 2005, ukalirudia mwaka 2011, baada ya wagonjwa kufa kwa kulishwa kupitia mipira iliyokuwa mapafuni. Hospitali zile zina umeme, eksirei na madaktari usiku kucha. Ikiwa wao walidanganywa na sauti, sisi wa taa ya tochi tutajidai vipi?

Alipokwisha kuhakikisha, Shangazi alipitisha maji kwanza, kiasi cha mililita 20 au 30. Kisha dawa ya kwanza, iliyopondwa ikawa unga laini kabisa na kukorogwa kwenye maji mpaka haina punje. Maji tena. Dawa ya pili. Maji tena. Mwisho maji ya kuoshea mpira, kisha kuufunga. Hakuna siku aliyochanganya vinini viwili kwenye kikombe kimoja, wala kutia dawa ndani ya uji. Dawa zikikutana kwenye kikombe zinaweza kuganda au kuharibiana, na dawa iliyotiwa kwenye uji haijulikani imefika kiasi gani mgonjwa asipoumaliza. Kwa mtoto maji huwa machache zaidi, na kwa mwenye ugonjwa wa moyo au figo kiasi hupangwa na daktari, kwa kuwa maji hayo yote yanahesabiwa.

Kinu cha kupondea dawa kilikuwa cha dawa peke yake. Kinu kilichotwanga pilipili na sombe hakisafishiki hata ukioshe vipi. Seringi nayo ilikuwa ya sonda peke yake, ile kubwa ya mililita 50 yenye mdomo mpana. Seringi ndogo husukuma kwa nguvu kubwa mno na huweza kupasua mpira. Hatari kubwa zaidi ni kwamba seringi ya kawaida inaingia pia kwenye mpira wa mshipa. Siku za mwanzo Mzee alikuwa bado na njia ya sindano mkononi, na muuguzi alikuja kumdunga. Shangazi akafunga uzi mwekundu kwenye seringi ya sonda, akatangaza nyumba nzima kwamba yenye uzi haigusi mkono wa mtu. Nchi tajiri zimelitatua jambo hilo kwa kubadili umbo la vifaa: siku hizi ziko seringi za kulishia ambazo hata ulazimishe hazishikani na njia ya mshipa, na ziliwekewa kiwango cha kimataifa mwaka 2016. Mpaka zitakapofika Maniema kwa wingi, uzi mwekundu unatosha kuanzia.

Saa ya Shangazi ilikuwa adhana. Kasongo ina misikiti tangu enzi za wafanyabiashara wa pwani, na Mzee ni mtu wa swala. Dozi ya asubuhi ilifuata Alfajiri, ya jioni ikafuata Magharibi. Kwa njia hiyo tofauti ya saa kati ya dozi na dozi haikubadilika sana, hata simu zote zilipoishiwa moto. Mwezi wa Ramadhani ulipoingia, Mzee alionyesha kwa mkono wa kushoto kwamba anataka kufunga. Shehe alikuja kumkumbusha ruhusa ambayo Mungu amempa mgonjwa, na suala likaisha bila mvutano. Sisi watoto wake tusingeweza kumwambia neno hilo akalikubali.

Sasa nirudi kwenye kuulizwa kwa dawa. Mzee alikuwa akitumia amlodipini kwa shinikizo la damu, aspirini kwa ajili ya kiharusi, na fenobarbitali kwa degedege. Amlodipini ya kawaida na fenobarbitali hupondwa bila tatizo. Aspirini ilihitaji uangalifu, kwa sababu vidonge vingi vya aspirini vina ganda linalozuia dawa isiyeyuke tumboni. Ukiliponda umeliondoa, na vipande vyake hushikamana vikaziba mpira. Hospitalini walituandikia ya unga, iliyo kwenye pakiti ndogo, inayoyeyuka kwenye maji.

Amlodipini iliisha wakati tumempeleka Mzee Kabambare akaonane na ndugu zake. Mdogo wangu akaenda kwenye duka la dawa, akaambiwa ile haipo, lakini ipo nyingine inayofanya kazi hiyo hiyo. Akaleta. Asubuhi Shangazi alipotoa kinini kwenye karatasi yake, alikigeuza mwangani, akakikwaruza kwa ukucha, akakataa kukiweka kinuni. Alisema cha zamani kilikuwa cheupe na kikavu kama chokaa, hiki kina ngozi, kinateleza. Akaniita nisome boksi. Ilikuwa nifedipini, na pembeni yake zimeandikwa herufi mbili: LP.

Herufi hizo kwa Kifaransa zinamaanisha kwamba dawa imetengenezwa itoke polepole mwilini kwa saa nyingi. Ukiiponda, dozi nzima ya nusu siku hutoka kwa mara moja. Kwa dawa ya shinikizo, maana yake shinikizo linaweza kuporomoka ghafla, na ubongo uliokwisha kujeruhiwa na kiharusi ukakosa damu. Tulimpigia Titulari. Alisema tusiitoe kabisa, wala nzima wala iliyopondwa, akatuelekeza kwa mwenzake wa kituo cha karibu ambaye alimpa Mzee kaptoprili, inayopondeka, mpaka dawa yake ya kawaida ilipopatikana. Hata yule wa duka la dawa hakusema uongo: nifedipini ni dawa ya shinikizo kweli, na mtu anayemeza angeweza kuitumia kwa ushauri wa daktari. Hakuuliza tu kama mgonjwa anameza, na mnunuzi hakujua kwamba hilo ni jambo la kusema.

Tangu siku hiyo nasoma boksi kwa jicho jingine, nanyi mlio na mgonjwa wa sonda fanyeni hivyo. Kwenye maboksi ya Kifaransa tafuteni LP, au neno gastro-résistant. Kwenye yale yanayotoka India kwa Kiingereza, ambayo ni mengi kwetu, tafuteni SR, ER, XR au EC. Mkiona mojawapo, msiponde; rudini kwa aliyeandika. Kapsuli zenye punje ndogo ndani, kama omeprazoli, punje zake hazisagwi, na kwenye mpira mwembamba huziba. Diklofenaki yenye ganda haipondwi. Dawa ya degedege iitwayo fenitoini hushikwa na chakula cha mpira isifanye kazi, hivyo chakula husimamishwa saa moja au mbili kabla na baada yake kwa mpango wa daktari. Siprofloksasini haipendi maziwa. Dawa za maji mara nyingi ni bora kuliko vinini, ila zilizo nzito hupunguzwa kwa maji, na zenye utamu wa sorbitoli huharisha. Nazo dawa za saratani na baadhi ya dawa za homoni hazisagwi nyumbani kabisa, kwa sababu vumbi lake humdhuru anayesaga, hasa mwanamke mjamzito.

Hata hivyo sonda huziba. Yetu iliziba siku moja baada ya uji wa mchele na karanga ambao haukuchujwa vizuri. Dawa ya kuizibua ni maji ya uvuguvugu na subira: unasukuma taratibu, unavuta taratibu, unaacha yakae, unarudia. Mjomba alipendekeza soda, kama alivyosikia mjini. Asidi ya soda hugandisha maziwa yaliyomo, na tatizo huongezeka. Mwingine akaja na waya wa baiskeli. Huyo tulimnyang'anya waya.

Baba Mdogo alikuja na chupa ya mizizi iliyochemshwa, dawa ya ukoo, akataka ipite kwa sonda. Ni mkubwa wetu, na hakuna mtoto wa Kibangubangu anayemjibu baba yake mdogo kwa mkato. Titulari alimpa kiti, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamweleza mambo mawili: nyuzi za mizizi huziba mpira, na hakuna ajuaye mizizi hiyo itafanya nini ikikutana na dawa ya shinikizo. Akamwomba badala yake awe anamkanda Mzee mkono na mguu kila jioni. Baba Mdogo akakubali, na mikono yake ikamsaidia Mzee kweli.

Usiku mmoja Mzee aliivuta sonda ikatoka. Ndugu mmoja alikuwa tayari kuirudisha, akisema ameona walivyofanya hospitalini. Shangazi alimzuia. Sonda iliyotoka hairudishwi nyumbani. Inaweza kuingia pafuni, na mgonjwa wa kiharusi huenda asikohoe hata ikiwa huko. Tulingoja kupambazuke tukampeleka. Nilipolalamika kwamba dozi imepita, Titulari alinijibu kwamba dozi iliyochelewa inarekebishika, iliyoingia pafuni hairekebishiki. Akaongeza kwamba dozi iliyopita haifidiwi kwa kutoa mbili pamoja.

Wagonjwa wengi wa kiharusi hurudi kumeza ndani ya wiki chache, na Mzee alikuwa miongoni mwao, ingawa alichelewa. Wanaokaa muda mrefu bila kumeza huwekewa mpira kupitia ngozi ya tumbo. Njia ya kuuweka bila kupasua tumbo ilianza mwaka 1979 huko Cleveland, Marekani. Hata kwa mpira huo sheria za dawa hazibadiliki: kuketi nusu wima, maji kabla na baada, dawa moja moja, na swali kwa kila kinini.

Nikiyatazama hayo yote, naona vifaa vyetu vilikuwa haba lakini havikuwa tatizo kubwa. Tulichokosa siku ya kuruhusiwa ni karatasi. Tulipewa ordonansi yenye majina ya dawa na idadi ya vinini, kama anavyopewa mtu anayemeza. Haikusema kipi kinapondwa, kipi kisipondwe, wala nini kifanyike dawa fulani ikikosekana. Yote hayo tuliyapata kwa sababu kulikuwa na Titulari anayezijua nyumba za eneo lake.

Na hilo halikuja kwa bahati. Miaka ya 1970 Kasongo ilijulikana katika vyuo vya afya vya dunia kwa mradi uliobeba jina lake, uliofanywa pamoja na Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerp, Ubelgiji. Ulionyesha kwamba muuguzi aliye karibu na watu, anayefuata maelekezo yaliyoandikwa hatua kwa hatua, anaweza kutibu sehemu kubwa ya maradhi bila daktari kando yake. Fikra hizo ziliingia katika mpango wa zoni za afya ambao nchi nzima iliufuata miaka ya 1980. Mji uliofundisha wengine kumwandikia muuguzi maelekezo unashindwaje kumwandikia Shangazi?

Kwa hiyo ninawaomba wauguzi na madaktari wa Kasongo, Kabambare na kwingineko: msimruhusu mgonjwa mwenye sonda kabla mtu mmoja wa familia hajatoa dawa zote kwa mkono wake mbele yenu, na mpeni karatasi inayosema juu ya kila dawa kama inapondwa. Asiyejua kusoma mchoreeni. Nanyi wenye duka la dawa, kabla ya kubadilisha dawa, ulizeni kama mgonjwa anameza. Wewe ndugu unayeuguza, usiondoke hospitalini bila kujua alama ya mpira iko wapi, maji ni kiasi gani, kinini kipi hakipondwi, na utamwita nani usiku. Mgonjwa akikohoa, akibanwa pumzi au midomo ikibadilika rangi wakati unampa dawa, acha hapo hapo, funga mpira, mkimbize hospitalini. Na ukiwa na shaka yoyote mahali mpira ulipo, usitie kitu.

Mengine unaweza kuyafanya polepole.